Mtu Aliyetuomba Mawe

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau, wala si kwamba namwogopa, maana siku hizi hata mbuzi wa sokoni hawamwogopi. Silitaji kwa sababu alilipenda mno. Liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa ofisi yake, nyuma ya kiti chake, kwenye toroli la kuzolea taka, hata kwenye ndoo ya maji ya choo cha soko. Ukimwita "Mwenyekiti" peke yake alikuwa anangoja kidogo, kichwa kimeinama upande, ili umalizie na jina. Basi hapa ataitwa Mwenyekiti, na sitamalizia.

Soko lenyewe liko Tororo, mtaa wa chini, kati ya stesheni na yale maduka ya zamani yenye baraza ndefu, ambayo Wahindi waliyajenga wakati reli ilipokuwa ndiyo kila kitu. Pamba ililetwa hapo kutoka Mukuju, kutoka Nabuyoga na kwingineko, ikajazwa kwenye magodauni, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikaenda zake pwani. Magodauni bado yapo, mabati yameshika kutu na popo wamejaa ndani. Abiria hawashuki tena pale, na treni ya mizigo hupita siku inayopenda yenyewe. Lakini soko lilizaliwa na reli na halijui kuishi kwingine. Mpaka leo tunakaa tumeupa mji mgongo, nyuso zetu zimeelekea njia ya treni.

Katika enzi hizo wanawake waliouza chakula kwa abiria walikuwa wakipigana vikumbo kila treni iliposimama. Ili yaishe, kila mmoja aliokota jiwe moja kwenye njia ya reli, yale mawe meusi yanayotandikwa chini ya mataruma yanayobeba vyuma vya reli, akaliweka mahali pake. Desturi hiyo haijafa. Jioni unaondoka na bidhaa zako, jiwe linabaki. Hakuna anayeligusa la mwenzake. Mtu wa pale anaweza kukuibia sufuria, anaweza kukuibia hata mume, lakini jiwe lako asubuhi utalikuta. Mgeni akitaka kuingia, huja na jiwe mkononi, akawauliza wale wawili ambao atakaa kati yao: "Jirani, niweke?" Wakikubali wote wawili, ameingia. Mmoja akikataa, huondoka na jiwe lake na hakuna kesi. Mama akifa, mahali pake panakuwa pa binti yake.

Jiwe la mama yangu lilikuwa na mstari mweupe katikati na pembe moja iliyomeguka. Lilikaa mbele ya nguzo ya pili ya godauni kubwa, mahali penye kivuli tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mama aliuza dagaa, ambao sisi huku tunawaita mukene na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanawaita omena. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alilimwagia lile jiwe maji kidogo, akalipangusa kwa ncha ya leso yake. Nilipokuwa msichana nilimcheka. Aliniambia, "Wewe cheka tu. Bwana nakuja, bwana nakwenda. Hii iko."

Sasa turudi kwa huyo mtu. Alivaa koti la reli, zito, la rangi ya samawati, lenye vifungo vya shaba. Hakuwahi kufanya kazi ya reli hata siku moja. Koti alilinunua kwenye mitumba ya Busia. Lakini alilivaa kwa miaka mingi hata watu wakaamini, na nadhani mwishowe yeye mwenyewe akaamini. Shingoni alining'iniza filimbi. Kazi ya ile filimbi ilikuwa ya kweli, lazima niseme, ingawa siipendi kuisema. Sisi huanika vitu juu ya njia ya reli: mihogo, dagaa, nguo za watoto. Mwenyekiti alikuwa na rafiki yake Malaba ambaye humpigia simu kila treni ikivuka mpaka. Basi alipiga filimbi, akitembea kando ya njia kwa hatua za askari, akisema, "Toa, toa, toa. Gari hana breki ya mihogo." Watoto walimfuata nyuma wakimwigiza. Alijua wanamwigiza, naye akazidisha hatua.

Alifagia soko kwa mikono yake. Asubuhi ukifika, utamkuta ameinama na ufagio, koti limetundikwa msumarini. Wenyeviti wengine niliowaona Busia na Malaba hawashiki ufagio hata siku ya mgeni wa serikali. Yeye alifagia, kisha akanawa, akavaa koti, akaanza kutusumbua kwa ukubwa wake. Hakula mbele ya watu. Hakunywa malwa, ile pombe ya wimbi, na wazee. Mwizi akikamatwa, yeye ndiye aliyesimama mbele ya vijana wenye mawe akawaambia wampige yeye kwanza. Najua watu watatu walio hai leo kwa sababu yake, na mmoja bado ni mwizi.

Misiba aliijua kuliko padri. Ukifiwa, kabla ndugu zako wa damu hawajafika, Mwenyekiti keshafika na kuni na turubai la soko. Alikuwa na hotuba, na hotuba zake zilikuwa nzuri, mbaya wangu nampa haki yake. Alijua marehemu alipenda nini, alikuwa akikohoa vipi, alikuwa akimdai nani salamu. Na alilia. Hakulia kilio cha wakubwa, cha leso kwenye jicho kavu. Machozi yalimtoka mpaka kwenye vifungo. Nilijaribu miaka mingi kuamini kwamba alikuwa anajifanya, maana hapo ningepumzika. Lakini yalikuwa machozi kweli, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Na alichechemea. Mguu wake wa kulia uliumia kwa ajili ya mama yangu. Siku hiyo yule rafiki wa Malaba hakupiga simu, na treni ilitokea kwenye kona bila filimbi yoyote. Mama alikuwa anakusanya dagaa wake kwenye njia, magunia mawili, na ubishi wake mnaujua wale mliomjua: hakukubali kuyaacha. Mwenyekiti alikimbia, akamsukuma mama upande mmoja, akavuta magunia upande wa pili, akaanguka kwenye taruma na goti likageuka. Magunia yote mawili yalipona. Tangu siku hiyo mama hakutaka kusikia neno baya juu yake. Wengine wakinung'unika, aliwaambia, "Huyu mtu alivunja mguu kwa samaki yangu. Nyinyi mume yenu alivunja nini?"

Ndiyo maana mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa jiwe.

Mambo yalikuwa hivi. Walikuja watu wa kujenga. Walisema soko la reli ni chafu na ni la zamani, na mahali pale patajengwa jengo la ghorofa, lenye vibanda, milango ya chuma na taa. Sisi tuliuliza swali moja tu: na nafasi zetu? Wale watu walituangalia kama tumewauliza habari za mwezini. Walikuwa na makaratasi, na karatasi haijui jiwe. Wanawake wakasema hawatoki. Walikaa juu ya mawe yao, kila mmoja na lake, na matingatinga yakasimama.

Hapo Mwenyekiti akaja mbele, amevaa koti, vifungo vinang'aa. Alisimama kwenye baraza la godauni akasema kwa ile sauti yake ya misibani.

"Mama zangu, mimi nawajua. Nyinyi naogopa kwamba jengo itasahau nyinyi. Sasa mimi nimesema na hawa wakubwa. Jiwe yenu haitatupwa. Kila mama atalete jiwe yake, tuweke kwa msingi. Jengo yote itasimama juu ya mawe ya nyinyi. Jiwe yako ikiwa ndani, wewe uko ndani. Nani atakutoa?"

Watu kutoka nje wakisikia habari hii hutuona wajinga. Waache. Wao hutia sahihi vitu ambavyo hawajavisoma, nasi hatuwacheki. Kwetu jiwe chini ni neno lililokwisha. Mtu hawezi kuliweka jiwe lako chini kwa mkono wake kisha akakukana. Halijawahi kutokea tangu enzi za pamba. Mama alisimama, akalimwagia jiwe lake maji kwa mara ya mwisho, akalifunga kwa leso, akampelekea. Mwenyekiti alilipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka. Wengine wakafuata, na vigelegele vikapigwa mpaka stesheni. Nyadoi, jirani yetu muuza karanga, alikuwa na jiwe zito, akalibeba kichwani huku anacheza. Mawe yote yakaingia kwenye mtaro, zege ikamwagwa juu yake. Tulishangilia zege.

Jengo lilipokwisha, vibanda vilikwenda kwa wenye pesa na jamaa za wenye pesa. Mama alikwenda ofisini kwa Mwenyekiti, ofisi mpya, jina jekundu juu ya mlango. Mimi nilikuwa pamoja naye. Alisimama hapo mlangoni, akamsalimu vizuri, akamwuliza ameandikiwa kibanda gani.

Mwenyekiti hakuinua macho. "Mama Athieno, soko ni treni. Mwenye tiketi anapanda. Asiye na tiketi anapunga mkono."

"Tiketi yangu si ile jiwe?"

"Jiwe iko mahali pazuri. Iko kwa msingi. Tunaiheshimu kila siku."

"Na mimi niko wapi?"

Akapuliza filimbi kidogo, bila nguvu, kama mtu anayesafisha vumbi ndani yake, na kijana wa mlangoni akatufungulia tutoke.

Mama alihamia kando ya barabara ya Busia, juani, kwenye vumbi la malori. Hakuweka jiwe pale. Nilimwambia aweke jingine, akasema mtu haweki jiwe mara mbili. Magari yalipopita karibu, aliinuka na beseni lake, akarudi nyuma, akaketi, akainuka tena. Kifua kikaanza kumbana. Siku moja askari wa mji walikuja wakamwaga dagaa wake mtaroni, na alipokuja nyumbani alikaa tu mlangoni akitazama mikono yake. Mwishoni, alipokuwa kitandani, aliniuliza kama lile jiwe lenye mstari mweupe nimeliona. Nilisema ndiyo. Akauliza lina maji. Nilisema lina maji. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyompa mama yangu.

Na nani alifika wa kwanza na kuni na turubai? Yeye. Alisimama mbele ya kaburi la mama yangu, mguu ule aliouumiza kwa ajili yake umepinda kidogo, akasimulia habari za magunia mawili ya dagaa mpaka watu wakacheka wakilia. Alilia naye. Nilivitazama vile vifungo vyake vikilowa nikaapa moyoni kwamba huyu mtu nitamlipa, na sitamlipa kwa siku moja.

Mimi si mtu wa kusamehe. Padri wetu amenisemesha sana juu ya hilo. Nimemwambia Mungu asamehe, ndiyo kazi yake. Yangu mimi ni dagaa. Nilihamia Busia nikauza kule mpakani miaka kadhaa, na kila siku nilimwombea mabaya kwa kila lugha niliyo nayo: kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama, na kwa Kisamia nilichookota sokoni. Niliomba adondoke kwenye ngazi zake mpya. Niliomba wake wa wale wakubwa wamtume maji. Niliomba aote usiku na mawe yamemkalia kifuani. Sikuona haya, na mpaka leo sioni.

Sijui ni maombi yangu au ni mambo yalivyo tu. Ghorofa la juu hakuna aliyelipanda, maana nani atapanda ngazi na gunia la wimbi? La chini likajaa vifuniko vya simu na viatu vya plastiki, kisha milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Wale wakubwa wakamtafuta wa kumlaumu, na hawakwenda mbali. Wakaleta mwenyekiti mwingine, kijana mwenye tai. Jina jekundu likapakwa rangi ya kijivu. Walimwacha na filimbi yake, lakini nasikia rafiki wa Malaba aliacha kupiga simu.

Nasi tukarudi. Hakuna aliyetuita. Nyadoi alianza, akaokota jiwe kwenye reli, akaketi kwenye ukingo uliobaki kati ya jengo na godauni. Mwingine akaja, na mwingine. Niliposikia, nilifunga mizigo yangu Busia siku hiyo hiyo. Nguzo ya pili ya godauni bado ilikuwepo. Niliweka jiwe langu mbele yake na Nyadoi akasema, "Weka, mwanangu, hapa ni pa mama yako," ingawa sikuwa nimemuuliza.

Alikuja asubuhi moja ya mwaka huu, wakati wa mvua za kwanza. Kwanza sikumtambua. Niliona mzee anayechechemea, beseni la ndimu kichwani, koti limebaki na kifungo kimoja. Mkononi alishika jiwe. Alizunguka soko lote, akasimama mbele ya kila mwanya, na kila mwanya ukajifunga: huyu ametandaza gunia, huyu amesogeza beseni. Hakuna aliyemtukana. Mwisho ulibaki mwanya mmoja, kati yangu na Nyadoi, alipokuwa akikaa muuza kamba aliyehamia Malaba. Akasimama pale.

"Jirani, niweke?"

Nyadoi aliendelea kuchambua karanga. "Mimi sina neno. Uliza huyu."

Akanigeukia. "Jirani, niweke?"

"Wewe nani?" nikamwuliza.

Akalitaja jina lake. Alilitaja lote, la ubatizo, la kwao na la baba yake, taratibu, na kichwa kikainama upande kama zamani.

"Hiyo jina sijui."

"Athieno, mwanangu. Mimi Mwenyekiti."

"Mwenyekiti iko ofisini. Juzi alipita hapa na tai yake."

Alihamisha jiwe mkono wa pili. Ndimu moja ilidondoka kutoka kwenye beseni na hakuiokota. Niliiacha ikae pale pale chini, kati yetu.

"Jiwe ya mama yangu uliweka wapi?" nikasema. "Ile ya mstari mweupe."

Nilidhani atasema hajui. Mawe yalikuwa mengi, na zege ni zege. Lakini alijibu palepale, akitazama chini. "Kwa mlango. Chini ya mlango ya ofisi yangu. Niliweka mwenyewe, na mkono yangu. Kwa sababu yeye alileta wa kwanza."

Basi siku ile mama aliposimama ofisini kumwuliza yuko wapi, alikuwa amesimama juu ya jiwe lake, na huyu mtu alijua. Ningeweza kusema neno moja, hapana, naye angebeba ndimu zake aende barabara ya Busia, juani, kwenye vumbi la malori. Neno lilikuwa mdomoni. Nililionja, na nikaona ni dogo. Lingekwisha siku hiyo hiyo.

"Wewe nani?" nikamwuliza tena.

Aliitazama ile ndimu chini. "Mimi mtu ya ndimu."

"Sauti. Nyadoi hasikii vizuri."

"Mimi mtu ya ndimu."

"Weka."

Aliinama kwa lile goti lake, akaweka jiwe. Mchana Nyadoi aliniuliza chini chini, "Kwa hiyo umesamehe?" Nilimwambia achambue karanga zake.

Sasa ni miezi tumekaa bega kwa bega. Wateja wakiuliza huyo mzee ni nani, nasema ni jirani. Hajalisikia jina lake kinywani mwangu na hatalisikia. Hanisumbui, ndimu zake ni nzuri, na asubuhi hunifagilia na mahali pangu, nami simshukuru. Lakini nimegundua jambo. Sisi wengine tunafika jua likishachomoza, kila mtu akijua jiwe lake lipo. Yeye hufika kabla ya wote. Nyadoi, anayelala karibu, amemwona akija na giza la alfajiri, anachechemea haraka, anapapasa chini kwa mkono mpaka aliguse. Katika soko zima yeye peke yake hawezi kuamini kwamba jiwe litabaki, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayejua linavyoweza kuondolewa.

Kila jioni, ninapokunja gunia langu, huniuliza. Huuliza kwa adabu, kofia mkononi.

"Jirani, jiwe yangu hutagusa?"

Nafunga leso yangu kiunoni. Nabeba beseni. Naondoka bila kumjibu, na najua bila kugeuka kwamba bado ananitazama. Sijawahi kuligusa jiwe lake, na sitaligusa mpaka mmoja wetu afe. Lakini hilo yeye halijui, na mimi sitamwambia.